Mbao za kubomoa Dodoma: kinachouzwa ni ushahidi na ukavu

Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, jiji limekuwa likijengwa na kubomolewa kwa wakati mmoja. Mji wa Serikali pale Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato na mitaa mipya yote imekula mbao za boksi, yaani zile zinazofungwa kushika zege hadi likauke. Upande wa pili nyumba za zamani zinaondoka na milango, fremu na kenchi zake, yaani mbao zinazobeba paa. Mbao hizo zote huishia kuni, uzio wa kuku, au mikononi mwa mtu aliyejua thamani yake mapema. Mafundi huziita mbao za kubomoa au mbao za mtumba (na ndiyo, mbao za mtumba kutoka Mtumba ni utani usiokwepeka).

Wanaotaka kuzifanyia biashara huanza na wazo kwamba faida iko kwenye bei ya kununulia. Wazo hilo ndilo huwaangusha, kwa sababu ukihesabu vizuri, mbao ya kubomoa si ya bei rahisi. Mteja anayekubali kulipa zaidi kwa meza iliyotokana na kenchi ya zamani analipia mambo mawili ambayo duka la kawaida la mbao haliwezi kumpa: kujua mbao imetoka wapi, na kuwa na hakika kwamba haitapinda.

Vitu vitatu ndani ya gunia moja

Maneno "mbao rafiki kwa mazingira" hubeba vitu vitatu tofauti, na muuzaji asipovitenganisha atajikuta anadanganya bila kukusudia.

Cha kwanza ni mbao iliyokwisha kutumika: kenchi, mlango, paleti, mbao ya boksi. Hapa hakuna mti mpya uliokatwa. Cha pili ni mbao mpya kutoka msitu unaosimamiwa. Mifano ni msindano wa shamba la serikali la Sao Hill kule Mufindi, ambako miti hupandwa, huvunwa na kupandwa tena, au mninga wa msitu wa hifadhi ya kijiji, ambako wanakijiji huvuna kwa mpango na mapato hubaki kijijini. Kwa aliye Dodoma, mfano wa jirani ni SULEDO, wilayani Kiteto. Jina hilo limetokana na Sunya, Lengatei na Dongo, na vijiji vyake vilipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2002 kwa kutunza msitu wao. Cha tatu ni mti uliokatwa mjini kwa sababu nyingine kabisa: mwarobaini uliopisha barabara, au mjohoro uliokuwa unaegemea paa la shule. Mti huo ungekatwa wewe uwepo usiwepo, lakini bado ni mti mpya wenye maji, na unahitaji kibali cha mamlaka iliyoukata.

Kuna tatizo pia la lebo ya FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti hicho mwaka 2009, jambo ambalo lilikuwa la kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Lakini kununua mbao kutoka msitu wenye cheti hakukupi haki ya kubandika FSC kwenye kiti chako. Kila anayemiliki mbao hiyo njiani, kuanzia mwenye kiwanda cha kuchana hadi wewe, lazima awe na cheti chake cha mnyororo wa umiliki. Karakana ya watu watatu haina haja ya gharama hiyo mwanzoni. Andika tu ukweli ulivyo: "Mninga, kenchi ya nyumba iliyobomolewa Kondoa." Sentensi hiyo inauza kuliko lebo.

Karatasi kabla ya gari

Afisa wa maliasili kwenye kizuizi haoni historia ya mbao. Anaona mninga juu ya kirikuu. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, mazao ya misitu husafirishwa kwa hati ya usafirishaji, ile ambayo kila dereva huiita TP, na husafirishwa mchana, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Mbao mpya halali huwa na alama ya nyundo, yaani mhuri unaogongwa na maafisa misitu. Kenchi iliyokaa darini miaka 50 haina alama hiyo, na maelezo ya mdomo hayatoshi.

Kwa hiyo ushahidi hukusanywa kabla ya kubomoa: picha za paa likiwa bado zima, barua ya mwenye nyumba inayotaja idadi na vipimo, uthibitisho wa mtendaji wa mtaa au kijiji, na risiti ya malipo. Peleka hivyo ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ya wilaya mbao zilipo, wakague na wakueleze hati inayohitajika, ndipo upakie. Jambo moja dogo limewaokoa wengi: usirande mbao kule kule ulikozibomoa. Matundu ya misumari, rangi iliyobabuka na masizi ya jikoni ndiyo kitambulisho cha mbao hiyo. Ukishaisafisha, mninga wa 1970 na mninga wa wiki iliyopita vinafanana.

Vifaa vya umma havinunuliwi kwa kuelewana na msimamizi wa saiti. Mali ya serikali hutoka kwa utaratibu wake, mara nyingi mnada, na mbao za mkandarasi ni za mkandarasi. Dai risiti yenye jina la kampuni. Mataruma ya reli ndiyo ya kukimbia kabisa. Mengi ya reli ya zamani ni ya chuma, ya SGR ni ya zege, na machache ya mbao yaliyobaki ni mali ya shirika na yamelowekwa kriosoti, dawa nyeusi inayotoa harufu ya lami kwa miongo. Hayafai hata kuwa benchi la bustani ambalo mtoto atakalia.

Anayefikiria kuuza nje ya nchi ajue kwamba mpingo uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017, na mninga na mkongo tangu 2023. Uzee wa mbao peke yake hauondoi hitaji la kibali.

Kuisoma mbao moja moja

Anza na uzito, kwa sababu macho hudanganywa na vumbi na rangi. Mbao kavu ya inchi 1 kwa 8, futi 12, ina ujazo wa takribani mita za ujazo 0.018. Ikiwa msindano itapima karibu kilo 8, mninga kilo 11 na nusu, mkongo kilo 14 au zaidi. Mizani ya kuning'iniza inayotumika kupimia mahindi inatosha. Mtu akikuletea "mninga" wa kilo 8, ni msindano uliopakwa rangi, au umeshaliwa ndani na bungua.

Baada ya uzito, kata sentimita 5 mwishoni na uangalie moyo wa mbao. Kijani kibichi au kijani-kahawia kinachoingia kutoka pembeni ni dalili ya mbao ya dawa, na nyingi ya dawa hizo zina shaba, kromu na aseniki. Mbao hiyo inafaa kurudi kuwa kenchi au banda. Haifai kuwa meza ya kulia wala ubao wa kukatia mboga. Rangi za zamani za mafuta nazo zinaweza kuwa na risasi, hivyo mlango wa miaka mingi usipigwe msasa mkavu ndani ya chumba. Bandua rangi kwa dawa au kwa kukwangua ikiwa imeloweshwa, na vumbi lisifike nyumbani.

Mbao za boksi zina maradhi yao mawili. Moja linaonekana, nalo ni zege. Mchanga ulioshika kwenye nyuzi ni mgumu kuliko visu vya mashine ya randa, na mbao tatu zisizosafishwa zinatosha kung'oa makali uliyolipia kunolewa asubuhi. Kwangua kwa tindo pana, kisha brashi ya waya, nje, upepo ukiwa mgongoni na barakoa usoni, maana vumbi la zege huharibu mapafu. La pili halionekani. Saiti nyingi hupaka mbao oili chafu ya injini ili zege lisigande, na oili hiyo hunywewa na msindano kama sponji. Unaranda, mbao inatoka nyeupe na nzuri, unapiga sanding sila, ile ya kuziba vitundu, kisha vanishi, na baada ya wiki mbili vanishi inajikunja kama ngozi ya maziwa. Kipimo chake ni rahisi: randa sehemu ndogo, dondoshea maji tone moja. Likikaa kama shanga bila kuingia, na mbao ikinuka gereji ukiipasha kwenye jua, iuze kwa anayejenga banda.

Paleti zina mhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi. HT maana yake imepashwa moto hadi katikati ya mbao ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo ni salama. MB imefukizwa kwa methili bromaidi, iache. Isiyo na mhuri haijulikani ilipitia nini, na paleti yoyote yenye doa la kemikali iache hata ikiwa na HT. Mbao za paleti ni nyembamba, mara nyingi milimita 15 hadi 22, na misumari yake imesokotwa. Ukiing'oa kwa mtalimbo mbao inapasuka. Kata misumari katikati ya mbao na gogo kwa msumeno wa chuma, kisha gonga vichwa vitoke.

Misumari iliyovunjika ndani ndiyo huua mashine. Pitisha sumaku kali pande zote nne, weka alama ya chaki, chimba kwa patasi nyembamba, kisha pitisha tena. Mara ya pili ndiyo hukuta ule ambao ungekutoa jicho.

Hesabu inayowashangaza wengi

Tuchukue mfano wenye bei ya kubuni. Umenunua mbao 100 za boksi, 1 kwa 8, futi 12, kwa shilingi 4,000 kila moja. Ni shilingi 400,000 kwa mita za ujazo 1.8, yaani kama 222,000 kwa mita moja ya ujazo.

Mbao 30 zinatupwa kwa oili na nyufa. Zilizobaki 70 zina mita za ujazo 1.26. Unaranda kutoka milimita 25 hadi 18 ili uso uwe safi, umepoteza asilimia 28. Unanyoosha pembeni kutoka milimita 200 hadi 180, asilimia 10 nyingine. Unakata ncha zilizopasuka na sehemu zenye misumari, tuseme asilimia 15. Mwisho wa yote unabaki na mita za ujazo 0.69 tu. Gharama yako halisi imefika kama shilingi 576,000 kwa mita, zaidi ya mara mbili na nusu ya ulivyodhani, na hapo hujalipa fundi. Kusafisha, kung'oa na kukagua mbao moja kwa dakika 20 ni saa 23 za kazi kwa mbao 70, siku tatu kamili za mtu mmoja.

Kwa hiyo usishindane na muuza msindano mpya kwa bei ya mbao. Utashindwa. Na pale unaponunua, lipa kwa mbao zilizochaguliwa moja moja hata kama bei inapanda, kuliko kubeba lundo zima kwa bei ya jumla. Lundo la bei ya jumla limejengwa juu ya zile 30.

Ukavu, na kwa nini Dodoma ni tofauti

Mbao huendelea kupumua hata ikiwa meza. Hunywa unyevu wa hewa na kuurudisha, hadi ilingane na hewa ya mahali ilipo. Dar es Salaam mbao ya ndani hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15. Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni jua na upepo, hutulia karibu asilimia 8 hadi 10 wakati wa kiangazi. Ndani ya ofisi yenye kiyoyozi ni kukavu zaidi.

Sasa chukua meza ya upana wa sentimita 80 iliyotengenezwa pwani kwa mbao ya asilimia 14. Mbao nyingi husinyaa takribani asilimia 0.2 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Mninga husinyaa pungufu ya hapo, mkaratusi zaidi. Kutoka 14 hadi 8 ni asilimia 6, na 6 mara 0.2 kwa milimita 800 ni karibu milimita 10. Sentimita nzima. Kama uso umegandishwa na kupigiliwa kwenye fremu, sentimita hiyo itatafuta mahali pa kutokea, nayo itatokea katikati ya meza, mwezi wa tisa, wakati mteja ana wageni. Watu husema mbao ilikuwa mbovu, kumbe ilikuwa nzima kabisa ila ililetwa ikiwa na unyevu wa pwani.

Hapa ndipo mbao ya kubomoa ya Dodoma inapopata thamani yake ya kweli. Kenchi iliyokaa chini ya bati la Kondoa au Mpwapwa kwa miaka 40 imepigwa na joto la mchana na baridi ya Julai mara elfu. Iliyotaka kupinda imeshapinda, na unaiona ilivyopinda kabla ya kulipa. Kiwanda kinachokausha mbao mpya kwa tanuri kinajaribu kukupa kitu ambacho paa lile limeshakitengeneza.

Lakini kutumika si kukauka. Mbao ya boksi imelala wiki kadhaa ikinywa maji ya zege na inaweza kuwa mbichi kuliko mpya. Mwarobaini wa barabarani uliochanwa jana ni maji matupu. Kwa hiyo pima. Kipima unyevu cha sindano mbili husaidia, ila piga sindano kwenye sehemu iliyokatwa upya, kwa sababu ngozi ya nje hukauka kwanza na kudanganya. Ukikosa kifaa, kata kipande sentimita 30 kutoka ncha, pima kwa mizani ya gramu, kioke kwenye oveni ya umeme ya nyuzi 103 hadi uzito usibadilike tena, kwa kawaida siku nzima. Kama kilikuwa gramu 118 kikawa 105, maji yaliyotoka ni 13. Gawa kwa 105, unapata asilimia 12.4. Mbao hiyo ingoje.

Inangoja vipi ni suala la upepo. Panga kwenye kivuli, juu ya msingi usiopungua sentimita 40 ili mchwa waonekane wakipanda, vijiti vya milimita 25 kati ya tabaka na tabaka, kila sentimita 50, vyote vikiwa vimenyooka kutoka chini hadi juu. Kijiti kilichokaa upande huipa mbao mgongo ambao hutaweza kuuranda. Paka ncha rangi ya mafuta au nta. Kosa la Dodoma ni kuamini kwamba upepo mkali ni rafiki: unakausha ngozi kabla ya moyo, ncha zinapasuka na uso unachanika nyufa nyembamba. Zungushia magunia wiki tatu za kwanza, kisha yatoe. Pima mbao mbili za mfano kila Jumamosi. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, zimelingana na hewa. Msindano wa inchi moja huhitaji miezi michache ya kiangazi, mbao ngumu na nene huhitaji zaidi.

Na hata ikikauka, meza pana ipewe nafasi ya kutembea. Skrubu zinazoshika uso zipite kwenye tundu refu, siyo la duara, na uso usigandishwe kwenye fremu kwa gundi, kwa sababu masika nayo itarudi na kuutanua.

Cha kutengeneza

Mbao za kubomoa huja fupi. Anayechukua oda ya milango ya futi 7 atanunua mbao mpya kufikia mwezi wa pili. Bidhaa nzuri ni ile ambayo urefu wake unafanana na mabaki yako: viti vya kukalia kaunta, rafu, fremu za picha, meza za kahawa, vioo vya ukutani.

Mfano unaoufaa mji huu ni boksi la zawadi la mvinyo, kwa sababu zabibu zipo na mikutano ipo. Chupa ya mililita 750 ina kimo cha sentimita 30 hadi 32 na upana wa sentimita 7 na nusu hadi 8 na nusu. Ndani ya boksi kuwe milimita 95 kwa 95 kwa 335. Kuta ziwe za milimita 10, kwa hiyo hata mbao ya paleti ya milimita 15 inatosha baada ya kurandwa. Kifuniko kiteleze kwenye mfereji wa kina cha milimita 4, na upana wake uachie nafasi ya milimita moja kila upande ndani ya mfereji, la sivyo mwezi wa pili hakifunguki. Chini ya boksi choma au chapa mahali mbao ilipotoka. Kipande cha sentimita 35 ambacho fundi mwingine angekitupa kimekuwa ukuta mmoja.

Mjohoro unastahili kutajwa hapa, maana moyo wake mweusi wenye mistari unapendeza kwenye vifuniko. Una unga wa njano ndani ya nyuzi unaowasha macho na pua, kwa hiyo miwani na barakoa si mapambo. Vumbi la mninga nalo huleta pumu na upele kwa baadhi ya mafundi. Anayeanza kukohoa kila akipiga msasa asiambiwe atazoea.

Mabaki ya mabaki mwishowe hutakiwa na mamantilie wa jirani kwa ajili ya kuni. Mpe ya mninga, ya paleti yenye HT na ya msindano msafi. Yale ya kijani ya dawa, yenye rangi ya zamani na yenye oili yawekwe kwenye pipa lake lenye mfuniko na alama inayosomeka hata na kijana aliyeanza kazi leo. Ukiyachoma, aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye jivu, jivu ambalo mtu atasugulia sufuria.